Nyumba Yenye Tabia: Mgeni Alale Wapi Mchukwi?

Katika Kiswahili neno tabia ni la mtu kwanza. Twasema fulani ana tabia njema, fulani tabia yake imeharibika, na si desturi yetu kulisema neno hilo juu ya ukuta na bati. Ipo hata hivyo nyumba moja ambayo watu wetu hawasiti kuipa tabia kama mtu, nayo ni nyumba ya kulala wageni. Mama akimwambia bintiye, "Gesti ile haina tabia nzuri," binti hasikii habari za rangi wala za vitanda. Anasikia habari za wanaoingia na kutoka, saa wanazoingia, na namna mlango unavyofungwa usiku. Neno moja limebeba habari yote.

Huko Ulaya, wanaowashauri watu waendao kupumzika siku mbili tatu katika miji kama Lisbon au Prague huwaambia jambo linalokaribiana na hilo. Husema: usichague hoteli ambayo ukiamka asubuhi hujui umeamkia mji gani. Chagua nyumba yenye sura yake, iliyokuwa makazi ya mfanyabiashara wa zamani au nyumba ya watawa, yenye ngazi za mbao na mwenyewe anayekupokea mlangoni. Ushauri huo una hekima. Anayekaa siku mbili hana muda wa kuujua mji, basi nyumba anayolala huwa ndiyo nusu ya mji atakaouona. Lakini ushauri wenyewe huishia kwenye sura. Msafiri wa kwetu, hasa aliyefuatana na familia, huanzia pale unapoishia: nyumba hii ina sura, je, ina tabia?

Swali hilo tumelipeleka Mchukwi, mahali ambapo hakuna mtalii anayeulizia ngazi za mbao. Mchukwi ni kata ya Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, jirani na mji wa Kibiti ulio kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti ni mwendo wa kilomita zinazokaribia 140. Wilaya yenyewe ni changa. Ilikuwa sehemu ya Rufiji hadi ilipomegwa katikati ya miaka ya 2010, lakini watu wake, Wandengereko, Warufiji na wengineo, ni wa zamani kuliko mipaka yote ya wilaya.

Watu hawalali huku kwa kupenda, hulala kwa kuwa safari imewalaza. Mchukwi ina hospitali ya misheni inayojulikana mbali, na kila mgonjwa anayelazwa huja na ndugu wawili watatu ambao hawana kitanda cha hospitali. Wapo walimu na watumishi waliopangiwa kazi na hawajapata nyumba. Wapo wanunuzi wa korosho msimu ukifika, na madereva wa malori waliochoka. Wapo wasafiri wa Mafia wanaokwenda kupanda chombo Nyamisati. Na wapo watu wa delta wenyewe.

Delta ya Mto Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote mwingine wa pamoja katika Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, uliokatwakatwa na mito midogo ambayo mwenyeji huisoma kama mitaa. Vijiji vya huko, kama Mbwera na Salale, hufikiwa kwa mashua na mitumbwi, na chombo hufuata maji. Bamvua ina saa zake, maji mafu yana saa zake. Aliyechelewa basi hungoja basi jingine, lakini aliyechelewa maji kujaa amepoteza siku, na pengine lazima atafute pa kulala. Kwa mtu kama huyo gesti ni sehemu ya njia, sawa na gati na daraja.

Daraja nalo lina kisa chake katika habari hii. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa takriban mita 970, msafiri wa kusini alivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Mto ukifura au kivuko kikiharibika, watu walilala ukingoni, ndani ya magari na chini ya miti, na waliobahatika walipokewa katika nyumba za wenyeji. Daraja lilipojengwa wengi walidhani kulala njiani kumekwisha. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, wasafiri walikwama tena, wakiwa na watoto na mizigo, na swali la zamani likarudi: nani atafungua mlango?

Kufungua mlango si jambo jepesi mahali ambapo mgeni aliwahi kuogopwa. Mwaka 2016 na 2017 Kibiti na Rufiji zilipatwa na mauaji ya viongozi wa vijiji, askari polisi na raia. Pikipiki zilizuiwa kutembea usiku. Mtu asiyejulikana aliyeingia kijijini jioni alikuwa hofu inayotembea, na mwenyeji aliyekuwa na hofu yake hakuwa na kosa. Hofu ile imepungua, alhamdulillahi, lakini yafaa mgeni ajue kwamba anayempokea huku hatekelezi mila tu. Amechagua kuamini tena. Ndiyo maana kitabu cha wageni huandikwa kwa makini, jina, kitambulisho, utokako na uendako, na msafiri mwema hakioni kuwa ni usumbufu.

Sisi tulifika tukiwa wanne: mama yetu aliyekuwa akipelekwa hospitali, dada yetu, mtoto wa miaka sita, na aliyeshika kalamu hii. Jua lilikuwa limekwisha kuinama na hatukuwa na ndugu wa kumfikia. Tuliziona nyumba tatu, na tunazieleza bila kuzitaja majina, kwa kuwa zinafanana na nyumba nyingi zilizopo katika miji yote ya barabarani.

Ya kwanza ilikuwa barabarani kabisa. Marumaru, taa za rangi, televisheni kubwa ukumbini, na ubavuni baa yenye spika mbili zilizosimama kama walinzi. Vyumba vilikuwa safi. Kijana wa mapokezi alimtazama mama alivyoegemea mlango, akainamisha sauti. "Shikamoo mama. Dada, pesa yenu siikatai, lakini kwa mgonjwa siwashauri. Leo Jumamosi, hapa hapalaliki mpaka alfajiri." Kisha akatuelekeza kwingine. Kijana yule alikuwa na tabia kuliko nyumba aliyoajiriwa, na kama mwenye nyumba ana akili atamshika asimwachie.

Ya pili ilikuwa mpya, ya ghorofa moja, kimya, yenye kiyoyozi na maji ya bomba ndani ya chumba. Tulikaribia kulipa. Ukutani nyuma ya meza palikuwa na bango lenye bei mbili: bei ya kulala, na bei ya kupumzika. Msomaji mwenye familia anajua maana ya kupumzika saa mbili mchana katika chumba cha kukodi. Dada yetu alilisoma bango lile, akamshika mtoto mkono, wakatoka nje. Hakuna aliyehitaji kueleza neno. Shuka zilikuwa nyeupe, lakini nyumba ilikuwa imekwisha kujieleza yenyewe.

Ya tatu ilikuwa nyuma ya barabara, umbali wa mwito mmoja kutoka msikitini. Nyumba ya bati yenye vyumba sita vinavyotazama ua, na katikati ya ua mwembe mkubwa. Choo kilikuwa cha wote, na umeme ulikuwa umekatika. Mwenyewe alikuwa bibi wa makamo ya juu, aliyekaa kibarazani akisuka mkeka wa ukindu, kazi ambayo wanawake wa Rufiji wanasifika nayo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mgonjwa ndiye huyu? Mketisheni kwanza, maneno ya chumba baadaye."

Maneno ya chumba yalipofika yalikuwa mafupi. Alitaka vitambulisho vyetu, akaandika katika daftari lake kwa mwandiko wa taratibu. Akauliza namba ya simu ya ndugu aliyeko nyumbani, mgonjwa akizidiwa usiku apigiwe nani. Kisha akasema sharti lake: "Mlango wa ua naufunga saa nne. Atakayechelewa agonge, nitaamka nimfungulie, lakini nitataka kujua alikuwa wapi." Alituonyesha ndoo na kopo, akatuonyesha chandarua, na pale penye tundu alikuwa amekwisha kushona kiraka. Tulipouliza kibla alinyoosha mkono kwenye mnazi uliokuwa nje ya ua. Tulitazama baadaye tukaona hakukosea. Makka iko karibu katika longitudo ileile ya Kibiti, na anayeswali huku huelekea kaskazini.

Mama alilazwa siku iliyofuata. Mlo wa hospitali haukumwingia, naye alitaka uji wa mchele. Bibi yule alimpisha dada yetu kwenye jiko lake la mkaa kila asubuhi, akampa na sufuria, na mjukuu wake akawa mwenye kutafuta bajaji. Jiko lile halikuwamo katika bei ya chumba. Wala halikuwa fadhila ya kutangazwa, kwa sababu tulikuta familia nyingine mbili zinalitumia kwa zamu. Ukitoka nje saa kumi na mbili asubuhi uliona wanawake watatu kutoka sehemu tatu za mkoa, kila mmoja na mgonjwa wake, wakiulizana habari za usiku na kuazimana sukari. Siku ya nne mmoja wao alifiwa. Waliokuwa wageni ndio waliofunga mizigo yake, na bibi ndiye aliyempigia mwenye gari. Kiyoyozi hakifanyi kazi hiyo.

Tunaeleza haya ili tufike kwenye hoja. Mwanafunzi wa historia anaweza kudhani kwamba nyumba ya wageni ni jambo la kizungu lililoletwa na reli na lami. Mwambao huu ulikuwa na elimu ya kumlaza mgeni kabla ya hapo. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alipopita pwani yetu mwaka 1331 aliandika alivyokaribishwa Mogadishu. Chombo kikitia nanga, vijana walikifuata kwa vijahazi, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutamka kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo alifikia katika nyumba ya mwenyeji wake huyo tu. Mwenyeji ndiye aliyemsimamia katika kuuza na kununua, na aliyemuuzia mgeni bila mwenyeji wake kuwapo, au aliyenunua kwake kwa bei ya kumpunja, biashara yake haikutambuliwa. Yaani mwenyeji alikuwa pia mlinzi wa haki ya mgeni mbele ya mji.

Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni na si mfanyabiashara, alipelekwa kwa kadhi na kulazwa katika nyumba ya wanafunzi. Anaeleza wali wenye samli, ndizi zilizopikwa katika maziwa, na achari ya ndimu. Aliletewa chakula mara tatu kwa siku kwa siku tatu, na siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, akaletewa nguo za kuvaa kwenda msikitini. Siku tatu hizo hazikutokea kwa bahati. Ndizo ambazo Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa ni haki ya ugeni, na zinazozidi ni sadaka. Mswahili amezigeuza methali kwa namna yake, akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, maana hata ukarimu una kipimo ili udumu.

Kutoka hapo alishuka Mombasa, akalala usiku mmoja, na alichokiona huko ni cha kumfurahisha kila mwenye kuchagua gesti. Katika milango ya misikiti palikuwa na visima, na chombo cha mti chenye mpini cha kutekea maji. Ardhi kando ya kisima ilikuwa imesawazishwa, na mlangoni palikuwa na mkeka mgumu wa kufutia miguu. Kisha akafika Kilwa, ambayo leo msafiri huifikia kwa kuendelea na barabara hii hii ya Kibiti kuelekea kusini. Huko alimkuta Sultani Hasan, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa utoaji wake. Miaka karibu 700 imepita. Ndoo, kopo na mkeka wa bibi wa Mchukwi si alama za umaskini kama wengine wanavyodhani. Ni urithi wa usafi ambao mwambao huu ulikuwa nao wakati miji mingi mikubwa haikuujua.

Na Ulaya yenyewe, ile inayotafutiwa hoteli zenye sura, ina deni katika jambo hili. Neno la Kihispania fonda, yaani nyumba ya wageni, limetokana na neno la Kiarabu funduq. Katika mji wa Granada bado imesimama funduq ya karne ya 14, iliyojengwa zama za watawala wa Banu Nasr, ambayo leo huitwa Corral del Carbón. Ina lango moja kubwa, ua wenye maji katikati, mizigo chini na vyumba vya wageni juu. Huko Sarajevo, nchini Bosnia, ipo Morića Han, nyumba ya misafara ya zama za Uthmaniya, nayo ina ua, orofa ya chini ya farasi na mizigo, na vyumba vya juu. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya, au wanaojaliwa kufika huko kwa masomo na biashara, wakitaka kuonja mji wenye sura waende wakasimame katika ua wa nyumba hizo. Watatambua kitu. Lango moja lenye mlinzi, ua unaoonekana na wote, maji karibu, na vyumba vinavyotazamana: ni ramani ileile ya nyumba ya Mchukwi yenye mwembe.

Ramani hiyo ina sababu. Lango moja humfanya mwenye nyumba ajue nani ameingia. Ua wa pamoja humfanya mgeni asiwe peke yake akiugua. Vyumba vinavyotazamana humfanya kila mtu awe shahidi wa heshima ya mwenziwe. Waliojenga hivyo walijua kwamba msafiri ni mtu dhaifu hata akiwa tajiri, kwa sababu yuko mbali na wanaomjua. Katika miji mingi ya Kiislamu nyumba za namna hiyo ziliendeshwa kwa mali ya wakfu, maduka ya chini yakilipia vyumba vya juu, ili asiye na kitu asilale njiani.

Hatusemi kwamba kila kikuukuu ni chema. Sura ya kizamani inaweza kumdanganya mtu kama marumaru zinavyodanganya. Katika bonde la Rufiji ipo nyumba inayovutia macho kuliko zote, nayo ni dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mkulima wa mpunga hukaa kulinda shamba dhidi ya ndege, nguruwe na maji. Mpiga picha akiliona atalipenda. Lakini mkulima hakulijenga kwa ajili ya sura. Alilijenga kwa kuwa mto hufurika, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti yamewakumbusha waliosahau. Anayetaka kulala dunguni kwa kutafuta starehe aende kwa mwaliko wa mwenye shamba, ajue kwamba ameingia mahali pa kazi. Mgonjwa na mtoto mchanga hawapelekwi huko. Vilevile gesti ya zamani isiyo na wavu dirishani, katika nyanda hizi zenye malaria, haina tabia njema hata kama mwenyewe anaswali swala tano. Na nyumba mpya yenye msimamizi mwadilifu ina tabia kuliko nyumba kongwe ya mtu mzembe.

Basi msafiri apime kwa nini? Tunapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji fedha wala elimu kubwa. Kwanza, fika kabla ya Magharibi ikiwezekana, kwa kuwa usiku huondoa uwezo wa kuchagua. Pili, uliza msikitini, dukani au kwa mama lishe kabla ya kumuuliza dereva wa bodaboda, kwa maana jirani huijua nyumba kwa usiku wake. Tatu, tazama choo na maji kabla ya kitanda. Nne, tandua chandarua ukikague kwenye mwanga. Tano, soma bango la bei. Sita, mtazame anayeandika daftari la wageni: asiyetaka kujua wewe ni nani hatajua pia aliye chumba cha jirani ni nani. Saba, jaribu komeo la mlango kwa mkono wako mwenyewe.

Lipo pia la nane, nalo ni kipimo tunachokiamini kuliko vyote. Uliza jinsi nyumba inavyompokea mwanamke aliyekuja peke yake. Wanawake wengi wanaouguza hospitali husafiri bila mume wala kaka, kwa sababu waume wako baharini, shambani au mjini kutafuta riziki. Mwanamke wa namna hiyo hufika mapokezi amebeba kikapu na ndoo, na zipo nyumba zinazomtazama kama mtuhumiwa, na zipo zinazomtazama kama bidhaa. Nyumba inayompa chumba kilicho karibu na mwenye nyumba, ikamwandika kwa heshima, ikamwita mama au dada, na isimgongee mlango bila sababu, hiyo unaweza kulaza familia yako bila hofu. Haki ya mgeni hupimwa kwa mgeni aliye dhaifu kuliko wote.

Mgeni naye ana wajibu. Bei ndogo ya nyumba ndogo si ruhusa ya kumaliza maji yaliyotekwa na mtu mwingine. Sufuria ya kuazima irudi imeoshwa. Daftari liandikwe ukweli. Na aliyefadhiliwa jiko aache japo kilo ya mkaa kwa atakayekuja baada yake. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hatapona mwenyeji anayeachiwa ua mchafu na deni.

Neno letu la mwisho ni kwa wenyeji, wa Mchukwi na wa kila mji wenye hospitali pembeni ya barabara. Wanaojenga gesti kwa ajili ya faida wanafanya biashara halali, na hatuna ugomvi nao. Lakini familia za wagonjwa haziwezi kuachiwa baa na bango la bei mbili. Kamati za misikiti na wenye viwanja wanajua maana ya wakfu, na wakfu haukuwekwa kwa ajili ya madrasa na visima pekee. Vyumba vinne vinavyotazama ua, choo safi, wavu dirishani, jiko la pamoja na mtu mwaminifu mwenye daftari, vikigharimiwa na fremu mbili za duka upande wa barabara: jambo hilo halizidi uwezo wa mji mdogo. Na apewe makao humo kila mwenye mgonjwa, bila kuulizwa dini yake, kwa kuwa hospitali yenyewe haiwaulizi wagonjwa wanakoswali.

Mama yetu alitoka hospitali baada ya siku tisa, na sasa anatembea mwenyewe hadi kisimani. Bibi wa Mchukwi angali anasuka mikeka yake, na vyumba vyake sita havikai vitupu. Wanaokuja hawakuvutwa na bango wala tangazo. Wameelekezwa na waliotangulia kulala pale, na kila anayemwelekeza mwenziwe husema maneno yaleyale: nyumba ile ina tabia njema.